Gurudumu Lililokuangusha

Baba,

Sikuulizi hali. Mimi mzima, na Mama ni mzima kwa kadiri mjane anavyoweza kuwa mzima. Ninakuandikia nikiwa na hasira. Ungekuwa hai ungeniambia nitembee kwanza mpaka ipoe, ndipo nirudi tuongee. Sasa huwezi kuniambia, basi nisikilize.

Lile gari-nyumba la Mzungu wa kahawa tulilikokota kwa ng'ombe kutoka kwenye mteremko wa kwenda Chitete. Unalijua kuliko mwenyewe anavyolijua: lori kuukuu lililobebeshwa nyumba ya mbao, yenye kitanda, jiko na mapazia, ili bwana alale humo akienda kuwinda. Nyumba hiyo ndiyo iliyokulalia ulipokuwa ukimrudishia gari lake baada ya kulitengeneza, pale gurudumu la mbele lilipochomoka. Tulipokutoa, pazia lilikuwa limekuzinga kichwa, na Mama akasema tusiliondoe. Mpaka leo sijamuuliza aliona nini.

Gurudumu lenyewe lilikutwa mbali, majanini, na kipande cha ekseli kimebaki ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu. Baba Mdogo akakataza lisiguswe hadi matanga yaanuliwe. Alisema kilichoua mtu hakifunguliwi wakati watu bado wamelala msibani. Tukaliegesha nyuma ya karakana, kuku wakaligeuza kituo chao.

Huku nyuma mdomo ukafanya kazi yake. Kuna mtu alimwona Simbeye, rafiki yako na mwenzio wa karakana, amepiga magoti kwenye gurudumu lile asubuhi ya safari yako. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, ikawa yeye ndiye aliyelegeza nati ili arithi karakana. Yeye alisema wazi, mbele ya wafiwa: "Nililizungusha nikaliona zito. Nikamwambia." Nani alimsikiliza? Mkewe alileta unga wa msiba, wanawake wakauacha nje mpaka ukanyeshewa. Watoto wake wakafukuzwa kisimani. Baba Mdogo akatangaza kwamba siku ya kuanua matanga Simbeye ataambiwa ahame, avuke mpaka aende kwa wajomba zake, na akikaidi vijana watachoma nyumba yake. Vijana wenyewe walikuwa wameshaanza kunoa maneno.

Na mimi, Baba, nilitaka awe yeye. Akiwa yeye, wewe hukukosea.

Siku ile ikafika. Mzee wa kanisa alipomaliza kuomba, nikaliviringisha gurudumu hadi katikati ya ua na kulilaza chini. Baba Mdogo hakunizuia. Nadhani alitaka watu waone nati haipo. Kifuniko cha habu kilikuwa kimebonyea, nikakibandua kwa patasi.

Nati ilikuwepo. Pini yake ilikuwepo, na waya wa kuishikilia ulikuwa umesokotwa kuelekea kushoto. Katika karakana yote mwenye shoto ni wewe peke yako. Beringi ilikuwa imeungua hadi kuwa na rangi ya bluu, gololi zimeng'ang'aniana na kuuma ekseli mpaka ikakatika.

Ulinifundisha mwenyewe. Osha beringi kwa mafuta ya taa, ikaushe, shindilia grisi kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Kaza nati huku unazungusha gurudumu, likianza kugoma irudishe nyuma kidogo. "Mwache apumue," ulikuwa ukisema, kana kwamba beringi ni mtoto mgongoni. Hii hukuiacha ipumue. Uliikaza ukaishia hapo.

Nikawaambia watu hivyo hivyo. Nati haikulegezwa, imekazwa kupita kiasi, na aliyeikaza ni baba yangu. Baba Mdogo akaniuliza nimelishwa nini kwa Simbeye.

Hapo Mama akainuka. Tangu tukuzike alikuwa hajasema mbele ya watu. Akasema, "Vidole vyake vilikufa ganzi tangu masika, hasikii anachokishika. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga vifungo vya shati." Alisema ulimwapisha asimwambie mtu, hata mimi. Kisha akaketi, akajifunika kanga usoni.

Simbeye hakushangilia. Alichuchumaa, mikono kichwani, akawa anarudia, "Angeniambia tu. Ningemkazia mimi. Angeniambia tu." Baadaye aliniambia kwamba asubuhi ile, alipokuonya, ulimjibu, "Leo unanifundisha kazi?" Akanyamaza kwa heshima yako. Heshima hiyo nusura imchomee nyumba.

Usidhani mambo yamekuwa mazuri. Baba Mdogo aliondoka bila kuaga, na hajakanyaga hapa tena. Simbeye hakuhama, lakini mkewe bado anachota maji peke yake, maana waliomkosea wanaona aibu, na aibu yao wanaitoa kwa kununa. Huko mjini Mlowo wanasema umejiua kwa kiburi. Nami siwabishii, kwa sababu sina la kubisha, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kaburi lako.

Jana tulifunga ekseli na beringi mpya. Simbeye alishindilia grisi, mimi nikakaza, naye akazungusha. Tulifungua na gurudumu la kulia, ambalo halikuchomoka. Nalo ulikuwa umelikaza vilevile. Simbeye alilitazama, akaenda kusimama nje kwa muda mrefu. Mimi nilikaa pale chini nikalia, Baba, nikakutukana na kukuita, yote kwa pamoja. Kwa nini hukutuambia? Tungekucheka? Labda tungekucheka kidogo. Ungekuwa hapa leo, umenuna kwenye kigoda, unatupigia kelele kwamba grisi haitoshi.

Gari limeondoka asubuhi hii. Nimemwambia Mzungu asimame kila baada ya mteremko, aguse habu kwa mgongo wa mkono, na ikiwa ya moto asiende popote.

Lala, Baba. Nimekupenda na bado nakupenda, ila sitalisafisha jina lako kwa damu ya mtu mwingine. Ninakuahidi moja tu. Siku mikono yangu itakapokataa kazi, nitasema kwa sauti, mchana, watu wakisikia, na spana nitampa Simbeye.

Mwanao.