Sombe ya Kupika kwa Mdomo

Dada yangu Feza,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama, mara ya pili nikakaa chini, mara ya tatu nikalia, na mara ya nne, nisamehe, nikacheka mpaka binti yangu akaja kuuliza kuna nini. Unasema mmevuka tena. Unasema Lubarika hakukaliki, mihogo yako umeiacha shambani, na sasa uko upande wa Burundi na watoto wako wanne chini ya turubai la shitingi, wote wazima, Mungu asifiwe. Halafu, kama vile hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, unasema: "Mudogo wangu, hautaamini. Mahindi njo ile ile ya manjano!" Ukaangua kicheko. Mtu gani anakimbia vita mara ya pili maishani mwake halafu anacheka mahindi? Ni weye tu.

Kwa hiyo nakuandikia. Telefoni yako inazima kila baada ya dakika mbili, na haya ninayotaka kusema ni marefu. Nitazipiga foto karatasi hizi nikutumie. Ukipata chaji, wasomee watoto jioni, sufuria ikiwa motoni.

Mara ile ya kwanza mimi nilikuwa na miaka sita, weye kumi na tatu. Pale nyumbani Kimanga, mjini Uvira, Mama alituambia, "Mutangulie na majirani, minye nafunga mulango nakuja," na hatukumwona tena. Hilo siliandiki sana, unalijua kuliko mimi. Ninalotaka kukumbuka ni jioni yetu ya kwanza kambini. Kuni mbichi, moshi, na yale mahindi ya manjano ya msaada yaliyokataa kuiva kana kwamba yameapa. Nililia. Sikulilia chakula chochote tu, nililia sombe ya Mama, yale majani yake ya muhogo. Weye ukavuta jiwe, ukakaa kama mama mwenye nyumba, ukafunga kitenge vizuri kiunoni, ukasema, "Nyamaza. Minye niko napika."

"Uko napika nini? Sufuria iko na mahindi."

"Niko napika sombe. Kwa mudomo. Fumba macho."

Ee, Dada! Yale mapishi yako! Ulikuwa mkali kama mwalimu wa hesabu. Hukukubali mtu afike kwenye kula bila kupitia shambani. Kwanza tuliamka, tukanawa uso, tukaenda kuchuma majani ya muhogo, yale laini ya juu peke yake. Tukayatoa vijiti. Tukayababua kwa maji ya moto. Tukatwanga, na ulinilazimisha kutwanga kweli, ngumi yangu ikipanda na kushuka hewani mpaka mkono unauma. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, tulizinunua sokoni, tukabishana na muuzaji, tukarudi nyumbani kuziondoa mchanga na vichwa. Na sheria ilikuwa moja tu: mpishi akiruka kitu, hata kidogo, wasikilizaji wapige kelele, na yeye arudi shambani aanze upya.

Weye ulikuwa unaruka chumvi. Kila jioni! Majani, vitunguu, bilinganya, mawese, ndagala, tangawizi, halafu unapakua. Mimi naruka juu: "Umeruka chumvi! Umeruka chumvi!" Nawe unajishika kichwa: "Aka! Minye ni muntu gani? Haya, turudi shambani." Nilikuwa najiona mjanja kuliko watoto wote wa kambi, na weye nilikuona msahaulifu wa ajabu.

Unamkumbuka yule mzee wa milima ya Mulenge, jirani yetu wa hema la kushoto? Siku za kwanza alikuwa anakohoa tu kwa dharau. Wiki haikuisha, akaja na kigoda chake. Siku tatu akala nasi sombe ya hewa bila neno, siku ya nne akalalamika: "Weye binti, muntu anashibaje bila maziwa? Maziwa iko wapi?" Mtu mzima, na ndevu zake! Nawe hukucheka hata kidogo. Ulimjibu kwa heshima, "Sawa, Tata, lakini hapa haturuki kitu. Ng'ombe iko mbali bado. Tuende tumulete." Mzee akafumba macho, akaanza kuita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, akateremka nao mlimani pole pole, mpaka nikasinzia kabla ya kukamua. Tangu siku ile kila chakula chetu kilimalizika kwa maziwa. Mke wake alisema mumewe amerudi utotoni, na kesho yake naye akaja na kigoda.

Sasa nikupe habari yangu, maana nilikuwa nangoja tuonane ndipo niseme, na naona kuonana kunachelewa. Huku Kanada sombe inauzwa ikiwa imetwangwa tayari, imeganda kama tofali, ndani ya mfuko. Ndagala zinafika zimechoka, lakini ni zenyewe. Nikiwa na hamu ya nyumbani, napika kwa njia pekee ninayoijua, njia yako. Na mwishoni natia tangawizi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kama ulivyofundisha. Nimepika hivyo miaka yote hii bila kumwuliza mtu.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi, na wanawake wa Uvira tukagawana vyungu. Mimi nikapewa sombe. Nikaibeba kwa majivuno hadi jikoni kwenye sale, ule ukumbi wa harusi, mmoja akaonja, akaita wenzake. "Tangawizi mu sombe? Mama weye, uko natupikia chai?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilicheka nao, lakini moyoni, Dada, nilianguka. Nilifikiri: kumbe Feza alikuwa mtoto. Hakujua kupika. Alibuni tu. Na ile ninayoiita sombe ya Mama, kitu pekee cha Mama nilicho nacho, maana sura yake haiji vizuri tena, kumbe haikuwa ya Mama hata kidogo. Nilifunika chungu changu, nikakisogeza ukutani nyuma ya sahani ili kisipelekwe mezani.

Ni Mama Salima aliyekitoa pale. Utamkumbuka ukikumbuka vitenge: alikuwa na duka lile la kitambaa Kimanga, ng'ambo ya barabara, ukitazama benchi ya biashara ya Mama. Sasa ni bibi, anatembea kwa fimbo, amefika huku kwa mwanawe juzi juzi tu, nami sikuwa nimemtambua. Alinusa, akafunua, akaonja. Akaweka kijiko chini. Nikasema moyoni, haya, sasa nachapwa.

"Nani amepika hii?"

"Ni minye, Mama."

Akaniinua kidevu. "Weye ni mutoto wa Mama Tangawizi."

Nikamjibu ndiyo, Mama aliuza tangawizi ya kunywa, lakini wanawake wanasema haitiwi kwenye sombe, na mimi nilifundishwa na dada yangu. Naye akanishika mkono. "Mama yako hakutia tangawizi mu sombe hata siku moja. Asubuhi yote alikuwa natwanga tangawizi, saa sita anapikia nyinyi. Ilikuwa mu mikono yake. Hata akikusalimia, unarudi kwako unanukia."

Dada, nililia mbele ya bibi harusi. Lakini kilio kile kilikuwa cha furaha, naapa. Ulikuwa na miaka kumi na tatu, umekaa juu ya jiwe, unaitafuta ladha ya nyumbani ndani ya kichwa chako, ukaona kuna kitu kinapungua, ukakitafuta, ukakipata. Uliitia mikono ya Mama ndani ya sufuria na wala hukujua. Au ulijua? Niambie. Chungu changu kiliisha kabla ya vyote, na wale waliocheka ndio waliopangusa chini kwa vidole.

Na jambo la pili nimeligundua juzi, nikimsimulia binti yangu. Aliniuliza, "Mama, mahindi ya manjano yanaiva baada ya muda gani?" Nikafikiri. Yalichukua jioni nzima. Kupika mara moja kwa mdomo hakukutosha kungoja mahindi yale. Kulihitajika kurudi shambani mara mbili, mara tatu. Nikacheka peke yangu. Mwongo mkubwa we! Hukusahau chumvi hata siku moja.

Sasa ni zamu yangu. Siwezi kufika huko, na njia ya kukuleta huku bado naipigania na nitaendelea kuipigania. Lakini moto uko, sufuria iko, watoto wako wanne wako hapo na njaa yao. Kaa chini, Dada, leo weye usipike. Waambie wafumbe macho.

Haya, tumeamka. Tumenawa uso. Tuko Lubarika, kwenye muhogo wako mwenyewe, haujaguswa na mtu. Chumeni ya juu, yale laini peke yake. Toeni vijiti. Maji yanachemka, tubabue. Mkubwa atwange, wadogo wapokezane, na mtwange kweli, nataka mikono iume. Vitunguu. Bilinganya. Mawese ya kutosha, tusione aibu. Ndagala tumeziondoa mchanga na vichwa. Tangawizi, kidole gumba kimoja, hiyo ni mikono ya bibi yenu. Bugali umesongwa na unatoa moshi. Ng'ombe wa yule mzee wameteremka mlimani, tumekamua, maziwa yapo. Kila mtu amenawa? Basi karibuni, nimepakua.

Waulize kama kuna kitu nimeruka. Wakipiga kelele, nipigie hata kwa dakika zile mbili, nianze tena kutoka shambani.

Ni mimi mudogo wako, uliyemshibisha.