Samaki Niliowagawa Mwenyewe

Jumapili jioni, Kamalondo. Baridi ya mwezi wa sita imeingia na vumbi lake. Cherehani yangu imepumzika. Mimi sijapumzika.

Nina wivu. Naanza na hilo, nisije nikalizungukazunguka mpaka usingizi unichukue.

Ninafuga diskasi, wale samaki bapa, duara kama sahani ya kikombe, wanaotaka maji ya joto wakati wote. Umeme ukikatika, nalifunika tangi kwa mablanketi na kupasha maji kwenye mbabula ya makaa. Mume wangu husema samaki wanatunzwa kuliko yeye. Miaka mitatu ya taabu hiyo, na hawajaniangulia hata mtoto mmoja.

Mwaka jana wifi yangu Béa, mke wa mdogo wangu, anayekaa Kasapa, aliwapenda. Nikampa wawili. Niseme ukweli: nilichagua waliodumaa, wenye rangi ya kupauka. Wazuri nilibaki nao, na bado watu walinisifu kwamba nina mkono wazi.

Wiki hii hao hao waliodumaa wametaga, na mayai yameanguliwa. Béa, ambaye hajui hata kupima joto la maji! Penye miti hapana wajenzi. Alipotuma picha kwenye kundi la familia, niliandika "Félicitations", hongera, na roho ikiniuma kama jino.

Leo saa moja asubuhi alinitumia ujumbe, mimi peke yangu, akiniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake: "Yaya, batoto banatafuna ngozi ya baba na mama yabo! Banabamaliza mugongo. Nitoshe bazazi mu maji? Unijibu vite."

Jibu la haraka alilotaka nilikuwa nalo: asiwatoe. Diskasi hutoa ute kwenye ngozi, na ute huo ndio maziwa ya watoto wao. Ukiwatenga na wazazi, wanakufa njaa. Sentensi moja tu ingetosha.

Niliusoma ujumbe ulipotokea kwenye kioo cha simu, bila kuufungua, ili asijue kwamba nimesoma.

Halafu nikajikausha. Nilimwambia mume wangu kichwa kinaniuma, akaenda misa peke yake. Nikakaa mbele ya tangi langu nikiwatazama warembo wangu wasiozaa. Nilitaka samaki wa Béa nao waharibikiwe. Naandika hivyo hivyo, bila kupamba.

Saa nane nikawalisha. Walikuja mbio kwenye kioo, midomo wazi, wananijua. Hapo nilishindwa kuvumilia, nikampigia.

Alikuwa ameshawatoa wazazi tangu asubuhi. Nikamwambia awarudishe polepole, nikapanda pikipiki mpaka Kasapa. Nilikuta zaidi ya nusu ya watoto wamelala chini ya tangi, weupe, wadogo kama punje za ulezi. Waliobaki walikuwa wamemng'ang'ania mama yao ubavuni, wanakula. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na hakikuwa changu.

Béa alinikumbatia akilia.

"Nilijua uko ku misa, yaya, na téléphone iko mu sac. Bila weye bangekufa bote. Bakikomea bakakuwa bakubwa, kumi ni ya yako."

Nikamjibu, "Eeh, misa ilikuwa murefu."

Uongo ulitoka laini kabisa.

Sasa mdogo wangu ameandika kwenye kundi la familia jinsi dada yake alivyookoa samaki. Mama ametuma maua na mikono ya sala. Simu inalia kila dakika, nami nimeilaza kifudifudi kando ya cherehani. Wale weupe wa chini ya tangi Béa aliwachota kwa kijiko, mmoja mmoja, akiwaomba radhi, akidhani kosa ni lake.

Kesho asubuhi narudi Kasapa. Kabla hajanitengea hata samaki mmoja, nitamwambia kwamba misa sikuenda.