Zamzam kwenye chupa ya Salma

Tottenham, Jumatano usiku

Daftari langu, salamu, u hali gani?

Binti yangu Salma alitengeneza maji ya chumvi kali kwa jaribio lake la chuoni. Nami kwa kumwombea nikayaongezea zamzam, maji ya baraka ya Makka, tena nyingi. Sikumwambia.

Leo karudi macho mekundu. "Mum, ile metali ya kobalti imegoma. Chumvi ndiyo huisukuma itoke majini, ipande kwenye mafuta yanayoelea juu. Na chumvi nilipima sawa. Basi ni mimi tu, sijui kazi."

Kesho anarudia mbele ya walimu, mara ya mwisho, kwa chupa ile ile.

Ya Rabbi, zamzam yangu ndiyo iliyozimua chumvi yake!

Kajifungia chumbani. Nimemtumia ujumbe: "Ni mimi niliyeongeza maji kwenye chupa yako. Tengeneza mengine. Nijibu upesi, mwanangu."