Risasi za Babu Hazitengenezwi Tena

Jumatatu, 9 Juni

Viazi tena. Bibi anakata, mimi naanika juu ya mwamba. Michembe ya kutosha mpaka mvua zirudi. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi kwa utomvu na weusi hauondoki hata kwa sabuni.

Jirani yetu Mama Shija alikuja kumwamkia Babu. Nguruwe pori wamefukua kona nzima ya shamba lake. Hakueleza sana. Alikunywa uji, akasema, "Mzee, umesikia." Babu akasema amesikia. Ndivyo ilivyo tangu nikiwa mdogo. Nguruwe wakishuka, watu huja kwetu. Babu ana bunduki yenye kibali, na bwana nyama, ofisa wa wanyamapori wa wilaya, humruhusu awafukuze au kuwaua.

Najivunia sana. Sijawahi kumwambia.

Jumanne, 10 Juni

Babu ameshusha mfuko wa ngozi kutoka juu ya mafiga. Unaning'inia pale pamoja na mahindi ya mbegu. Bibi huweka pale kila kitu kisichotakiwa kuoza, moshi unakilinda. Ndani zimebaki risasi tatu.

Bunduki aliirithi kwa baba yake. Inatumia risasi ya namba tatu-moja-nane, na hiyo tu. Duka la Kahama walimwambia hawana, labda Mwanza. Kesho tunakwenda. Mimi ni wa kumsomea maandishi, maana macho ya Babu yamechoka. Anasema hayajachoka.

Alhamisi, 12 Juni

Tumerudi leo mchana. Tulilala kwa shangazi.

Muuza silaha aliligeuzageuza ganda tupu la risasi alilopewa na Babu, kisha akaita mwenzake aje aone. Wakacheka, si kwa ubaya. "Mzee, hii nilimwona nayo marehemu baba." Risasi hizo hakuna. Viwanda viliacha kuzitengeneza zamani.

Niliuliza kwa nini. Alinijibu vizuri, kama mtu mzima. Baruti ya zamani ilikuwa dhaifu. Ya siku hizi ina nguvu, kwa hiyo risasi mpya inakwenda kasi zaidi na haishuki upesi njiani. Mwindaji wa mbali haumizi kichwa kukisia. Halafu kuna risasi zilizoanzia jeshini. Zilitengenezwa nyingi mno, zikawa rahisi, zikafika kila duka. Watu wakanunua bunduki zinazokula hizo.

Bunduki mpya inataka kibali kipya. Babu alitazama chini. Anajua macho yake hayatapita kwenye vipimo.

Tukiwa mlangoni yule mtu akauliza zile tatu zinatunzwa wapi. Babu akasema juu ya moto, pamoja na mbegu. Muuzaji akaacha kucheka. Joto linaharibu baruti na fataki ya kuiwashia, alisema. Usizipige, mzee.

"Mbegu zinaota kila mwaka," Babu akasema.

"Mbegu ni mbegu."

Babu akalitia ganda mfukoni, akatoka.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefikiri siku nzima. Nadhani risasi ya Babu haikushindwa na mnyama. Nguruwe anayepigwa karibu hufa vilevile. Imeshindwa dukani. Wanunuzi walipungua, duka likaacha kuiweka. Duka lilipoacha, hata walioipenda wakahama. Kiwanda nacho kikaona hakuna wa kumtengenezea. Kila mmoja alikuwa na sababu njema. Inanihuzunisha zaidi hivyo.

Nilimweleza Babu. Akasema, "Mwalimu, kwa hiyo nguruwe wa siku hizi wanakataa kufa kwa risasi ya kizee?" Bibi akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Kisha Baba akapiga simu kutoka Geita. Anafanya kazi karashani, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kwa hiyo huongea kwa kupaza sauti hata pakiwa kimya. Nilisikia yote. Peleka polisi hiyo bunduki, mzee, kabla haijakuumiza. Babu akamrudishia Bibi simu. Akasema taratibu, "Nikiipeleka, watakuja kwangu kufanya nini?"

Naogopa.

Jumamosi, 14 Juni

Amekwenda na bunduki kwa Mama Shija. Jua lilikuwa linazama. Tulimsihi asiende, Bibi na mimi. Alisema Mama Shija ana watoto na viazi ndivyo chakula chao.

Nilimfuata mpaka ukingo wa shamba, nikasimama na Mama Shija. Nguruwe walitoka kwenye nyasi, wakubwa kwa wadogo. Babu akalenga. Akafyatua. Ikasikika tik, basi.

Nilidhani ataifungua atoe ile risasi. Hakufungua. Aliinamisha mtutu kwenye udongo, akageuza uso pembeni, akatulia. Kisha bunduki ikalia yenyewe, ikarusha udongo. Nguruwe wakatoweka.

Angeifungua kwa haraka, ingemlipukia usoni.

Mama Shija alikaa chini palepale. Mimi nililia kwa sauti. Babu alikuja akanishika mkono. Alisema baba yake alimfundisha: ikigoma, ipe muda.

Jumapili, 15 Juni

Misa. Sikusikia mahubiri.

Nina hasira na Babu. Na kiwanda. Na mimi mwenyewe, kwa kujivunia kitu ambacho kingemuua.

Baada ya chakula nilimwambia wazi: Babu, bora viazi viliwe. Ni mara yangu ya kwanza kumsemesha hivyo. Alitikisa kichwa tu.

Jioni Bibi alishusha ule mfuko mwenyewe. Ndiye aliyeutundika pale, alipoolewa, na kila masika alihakikisha haunyeshewi. Akasema, "Nilidhani nakutunzia." Babu akasogeza kigoda karibu naye. "Umenitunzia." Wakaendelea kumenya viazi, wote wawili. Babu hajui kumenya. Anakata nusu ya kiazi na ganda.

Jumatano, 18 Juni

Ushirombo, kituo cha polisi. Kabla ya kuondoka Babu aliipaka bunduki mafuta, akaifuta mpaka ikang'aa. Askari alimwamkia shikamoo, akaipokea kwa mikono miwili, na zile risasi mbili. Babu akaweka sahihi. Ilikwisha upesi mno.

Nje hakujua mikono yake aiweke wapi. Aliitia mfukoni, akaitoa. Nikampa mkoba wangu anishikie, ingawa haukuwa mzito. Aliubeba mpaka nyumbani.

Ijumaa, 20 Juni

Babu hali chakula vizuri. Hakuna aliyekuja.

Jumatatu, 23 Juni

Hakuna aliyekuja. Watu wanapita njiani, wanasalimia, wanakwenda zao. Nadhani wanaona aibu. Yeye anadhani wamemaliza shida naye. Nimemwomba Mungu atume mtu yeyote, hata wa kuomba chumvi.

Alhamisi, 26 Juni

Mama Shija alifika asubuhi na wanawake wawili, wana mapanga na miti ya miiba. Nguruwe wamerudi. Nilitaka kumwambia hatuna bunduki tena, lakini anajua, kijiji kizima kinajua.

"Mzee, tunataka kuziba. Hatujui wanapitia wapi."

Babu alisema yeye sasa ni wa kumenya viazi.

"Viazi vyenyewe umevikatakata vibaya, Bibi ametuambia. Twende."

Akavaa viatu.

Alitangulia. Alisimama penye nyasi zilizolala, akaonyesha kwa kidevu. Hapa. Akaruka mahali ambapo mimi ningeziba, akasema pale anapita mbuzi tu. Mama Shija akabisha, wakabishana mpaka wakakuta kinyesi cha nguruwe, na Babu akakubali kwamba alikosea. Wakacheka. Wakaziba pia. Mimi nilikuwa navuta miti.

Tulirudi mchana. Mwiba ulikuwa umemwingia kidoleni. Bibi alimtolea kwa sindano, na Babu alilalamika kama mtoto.

Akaniuliza wale wanawake wamesema kesho tunaendelea kuziba saa ngapi.

Nikamwambia alfajiri.

Akaniuliza tena, kana kwamba hakusikia. Nikamwambia tena.