Mguu wa Nondo wa Baba

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeng'oa mguu wa nondo wa Baba. Mmoja tu, wa nyuma, kwa kibano, nikautumbukiza kwenye kichupa. Kila siku nang'oa miguu ya wadudu pale maabara, wala sijali. Lakini huyu — Baba alimnasa kwenye taa ya baraza kabla sijazaliwa, na tangu hapo anashikilia kwamba ni wa aina ambayo haijaandikwa na mtu yeyote duniani. Sasa ini lake limechoka, daktari hataki hata kutuangalia usoni. Anachotaka Baba ni jibu. Kama kweli ni mpya, apewe jina la Mama, Mungu amrehemu. Basi, hana lingine.

Bosi kakubali nimpime nondo pamoja na sampuli za kazini.

Alhamisi, 7 Machi

Majibu. Mashine inasoma kipande kifupi cha vinasaba, tunalinganisha na vya wadudu waliokwisha kusomwa. Kafanana asilimia mia moja na nondo wa mahindi. Wa mahindi! Mdudu ambaye kila mkulima anamlaani. Nimerudia kulinganisha. Ni yeye tu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia. Hakubisha. Aliangalia ukuta, akasema, "Haya." Kisha akauliza kama kazini wananipa nafasi ya kula — mimi ndiye anayenionea huruma! Jioni hakugusa supu. Dada kanisema sana jikoni: ningemdanganya tu, ningepungukiwa nini? Nikamjibu mimi si mwongo. Nimelia bafuni, bomba wazi wasinisikie.

Jumanne, 12 Machi

Sijalala vizuri. Nondo bado yuko mezani kwangu, sina moyo wa kumrudisha kwenye sanduku alimokuwa na nondo wengine wa Baba. Leo nikamweka chini ya hadubini, nimuage tu. Pale nilipong'oa mguu kuna kitone kinang'aa. Nikakikwangua. Waridi. Rangi ya kucha!

Jamani. Mdudu wa zamani unamkagua kwanza, kama kuna kiungo kilichogundishwa, ndipo unachukua mguu. Mimi ndiye ninayewafundisha wapya kazini hilo! Sikukagua kwa sababu ni wa Baba. Baba hawezi kuharibu kitu chake.

Nikampigia Dada kumuuliza. Akafunga mlango kwanza. Halafu akaniambia: Mama alikuwa anafuta vumbi, sanduku likamponyoka, miguu kadhaa ya nondo ikakatika, ikatapakaa sakafuni. Akaiokota na kuigundisha upya kwa rangi yake ya kucha kabla Baba hajarudi, huku analia. Dada alikuwa mdogo, akamshikia taa. Mama akamwapisha asimwambie Baba milele.

Kumbe ule mguu ni wa nondo mwingine. Mama wa watu, hakujua.

Nimechukua mguu mwingine, usio na rangi.

Jumamosi, 16 Machi

Hakuna anayefanana naye. Hakuna! Wa karibu yake kabisa bado yuko mbali. Bosi alinitaka nirudie, nikarudia, akanikumbatia. Nimekuja mbio hadi kiatu kimekatika.

Baba haoni vizuri tena, karatasi haimsaidii. Nikamweleza yote — sanduku, rangi ya kucha, mguu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgeni. Akaupapasa mkono wangu.

"Asante, mwanangu. Umehangaika. Lakini mama yenu hakuwahi kunificha kitu."

Nikaapa. Akatabasamu, akaniambia nikapumzike.

Nikamgeukia Dada, alikuwa mlangoni na beseni la maji. Nikamwambia amwambie yeye, alikuwepo. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema kwa sauti ya chini, "Niliapa."

Naandika hapahapa kando ya kitanda. Dada kakaa upande wa pili, anamkanda Baba miguu kwa kitambaa. Baba kafumba macho, anapumua kwa shida. Nimemsihi Dada tena, kwa macho. Kainamisha kichwa. Anazidi kukanda.