Kamba Niliyoikata Mbele ya Bibi

Bariadi, Jumatatu. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Na mimi niko hivyohivyo, nimejaa maneno hayatoki.

Jana nilikwenda nyumbani Lalago. Mdogo wangu Kabula, miaka thelathini na moja tu, amerudi kutoka hospitali na majibu: saratani ya titi. Ukoo mzima, Bibi yetu akiwemo, ukakaa uani wakataka nieleze, si mimi ndiye mwalimu wa baiolojia? Na mimi ninavyopenda kufundisha, sikungoja kuombwa mara mbili.

Nikachukua kamba ya kufungia ndama. Nikawaambia ndani ya seli kuna nyuzi zinazobeba urithi wetu, na ncha zake zina kinga iitwayo telomea. Kila seli inapojigawa, ncha inapungua kidogo. Nikakata kipande kwa kisu. Nikakata kingine. Ikifupika sana seli huacha kujigawa, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayotuzeesha. Lakini seli ya saratani, nikasema, ni janja, inajirefushia ncha na kuendelea tu.

Baba mdogo akauliza, "Sasa mwalimu, hiyo ya kujirefushia inakatwa kwa nani?"

Nilikuwa natafuta namna ya kusema kimeng'enya, hicho kinachorefusha ncha, kwa Kisukuma! Nilipoinua macho, wote walikuwa wanamtazama Bibi.

Bibi amepita miaka tisini na bado anapalilia pamba. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yote. Hakuna aliyesema neno baya, ila mimi ni mtu wa huku, najua bibi kizee wa macho mekundu akitazamwa vile huitwa mchawi, na mambo huishia kwenye panga. Nikapaza sauti kwamba haikatwi kwa mtu yeyote, seli inajitengenezea yenyewe. Walishaanza kuinuka.

Mimi ndiye niliyewapa kisu.

Leo nimesoma tena, nimezidi kuchanganyikiwa. Ncha zikifupika tunazeeka, na zikifupika kupita kiasi zinaweza hata kuifungulia saratani mlango. Zikiwa ndefu, saratani nayo inaweza kupata nafasi. Sasa nimwombee Kabula zipi? Ninafundisha kitu ambacho mwenyewe sikielewi, naona aibu.

Wakati wa mapumziko ya saa nne Bibi akapiga simu. Nilidhani analia. Baada ya salamu yetu ya mwangaluka akasema kwa utulivu kabisa, "Mjukuu wangu, ya kwangu imekuwa ndefu mno. Njoo uikate, umpe Kabula."

Kumwambia haiwezekani ni kama kumnyima. Kumwambia kurefushwa ndiko kunakoilisha saratani ni kumchanganya kama nilivyochanganyikiwa mimi. Nikasema tu, nakuja.

Kesho alfajiri naomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikamchukue aje akae kwangu, kabla mwingine hajaenda kumkatia.