Aliyelala Siti ya Nyuma

Kwa dada yangu Skola,

Kamwene dada. Mimi mzima, ila kifua kinabana kwa baridi ya hapa Mbeya. Wewe na wanangu mnaendeleaje huko Iringa? Mahindi mmeshavuna? Barua hii nimempa jirani yangu anayekuja huko harusini, akukabidhi mkononi. Simu yako shemeji huishika anapotaka, na haya sitaki ayaone kabla yako. Isome ukiwa peke yako.

Pale tunapooshea magari wamenihamishia ndani, kwenye siti za ngozi. Unafuta vumbi, unapitisha brashi laini yenye povu kidogo, unakausha kwa kitambaa, kisha unapaka mafuta yake ili ngozi isipasuke. Ni kazi ya polepole, na ukiinama hivyo unajua mambo ya watu hata bila kuuliza.

Wiki ile uliyoniambia shemeji kampeleka bosi wake Dodoma, gari la bosi liliingia hapa kwetu. Akashuka shemeji, peke yake. Aliponiona alishtuka, akasema eti wametoka Dodoma, wamepitiliza mpaka huku. Dada, njia ya Dodoma ni lami tupu. Vumbi lililojaa kwenye mishono ya zile siti nalijua, ni la Chunya. Siti ya nyuma ilikuwa na doa refu la mafuta ya kujipaka, kama la mtu aliyelala, na chini ya siti kanga. Manukato yamepuliziwa mpaka nikapiga chafya. Niliisafisha siti ile machozi ya hasira yakinitoka. Nikajua umeibiwa mume.

Hazikupita siku nyingi akarudi. Doa palepale. Safari hii chini ya manukato nikasikia harufu ya mkojo, na pembeni ngozi imekwaruzwa kwa kucha.

“Shemeji, nani analala huku nyuma?”

“Mizigo ya bosi hiyo.”

“Mizigo ina kucha?”

“Fausta, wewe safisha tu. Tafadhali.”

“Basi nampigia dada sasa hivi.”

Akanishika mkono. “Usimpigie. Ni mama.”

Mama yake, dada! Yule yule aliyesema mbele ya waombolezaji kwamba wewe ndiye uliyemloga baba mkwe wako, nawe ukaapa jina lake lisitajwe nyumbani kwako. Anaumwa mgongo, hawezi kukaa. Shemeji humtoa Makongolosi, kule Chunya, amelazwa kwenye siti, anamleta hospitali hapa mjini.

“Ningemwambiaje Skola,” akasema, “na jina tu hataki kulisikia?”

Sikumwamini. Aliyesingizia Dodoma anashindwa nini kumsingizia mama yake? Nikamwambia anipeleke huko hospitali nikaone kwa macho yangu. Nilijiandaa kumkuta msichana ana mimba.

Nikamkuta mama mkwe wako. Amekwisha, kalala kama mtoto, macho yana ukungu. Nilipomwamkia akageuza kichwa, akanyoosha mkono kunitafuta. Unajua watu husema sauti zetu ni moja.

“Skola? Umekuja, mwanangu?”

Shemeji alinitazama. Mimi ambaye sijamsamehe yule mama kwa ajili yako, nikasikia mdomo wangu unajibu, “Nimekuja, mama.”

Akalia. “Nilikukosea,” akasema. “Nilikukosea sana.” Hakuuachia mkono wangu mpaka usingizi ulipomchukua.

Shemeji kaniomba nisikwambie, anasema atatafuta siku nzuri. Mimi bado namtazama kwa jicho la pembeni, maana aliyeficha hili anaweza kuficha na jingine. Ila siku nzuri, kwa nilivyomwona yule mama, si nyingi.

Nisalimie mama yetu, mwambie nakunywa tangawizi alivyoniagiza. Msalimie baba mdogo na mke wake, na wanangu wote uwabusu.

Dada, nimeitikia kwa jina lako. Njoo, au niambie nikamweleze kwamba hukuwa wewe.

Mdogo wako,
Fausta